Dhahabu Iliyotoka Sahanini: Kisa cha Nyumba Moja ya Wageni Lamu

Mwenye nyumba moja ya wageni mtaa wa Mkomani, Lamu, alinunua seti ya vyombo vya mezani vya kauri, ya watu 12, kwa Muitaliano aliyekuwa akifunga jumba lake Malindi arudi kwao. Ilikuwa seti ya mbunifu, yenye alama ya kiwanda cha Ulaya mgongoni na saini ya aliyeichora. Sahani nyeupe tupu, zenye mistari miwili ya dhahabu: mmoja ukingoni kabisa, wa pili kwa ndani, pale bapa la sahani linapoanza kuteremka. Msimu mmoja wa wageni ukapita. Dhahabu ikafifia, kwengine ikatoka kabisa. Mwenye nyumba akaanza kumkata mshahara binti anayeosha vyombo, binti akakana, mpishi akasimama upande wa binti, na jikoni kukawa hakukaliki.

Niliitwa kutazama kwa kuwa shughuli yangu ni vyombo. Hununua vya watu wanaohama, nikauza kwa mahoteli na nyumba za wageni baina ya Malindi na Lamu. Seti hii haikupitia mikononi mwangu, kwa hiyo sikuwa na upande wa kutetea.

Hoja ya mwenye nyumba ilikuwa nzito, na naiandika kama alivyoisema, akinyoosha mkono kwenye zidaka za ukuta wa ndani. "Sahani za bibi yangu hizo. Zimesuguliwa kwa majivu, zimesuguliwa kwa mchanga, kila mtu ameziosha. Rangi yake ni ile ile. Hizi za juzi, na pesa zote nilizotoa, zitoke rangi kwa msimu mmoja? Hapo pana mkono wa mtu, mwanangu."

Wengi wangeicheka hoja hiyo. Mimi naiona ni hoja ya mtu anayefikiri sawasawa ila amekosa jambo moja la kiwandani. Amelinganisha vitu viwili, akaona kilicho ghali kimeshindwa na cha zamani, na akatafuta tofauti. Tofauti pekee aliyoijua ni mtu anayeosha.

Jambo alilolikosa ni hili. Kauri ngumu ya Ulaya hutengenezwa kwa kaolini, ule udongo mweupe, pamoja na feldispa na kwatzi, mawe yaliyosagwa. Chombo huchomwa mara ya kwanza kwa moto wa kadiri, nyuzi 900 hadi 1,000 hivi, kikatoka kigumu lakini bado kinanywa maji. Halafu huchovywa kwenye gilezi, ule uji ambao ukichomwa hugeuka tabaka la kioo, kikarudi tanurini kwa moto unaofika karibu nyuzi 1,400. Hapo udongo wenyewe nao huanza kugeuka kioo. Ndiyo maana sahani nzuri ya kauri ukiinua mbele ya jua unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili, na ukiigonga kwa kucha hulia kama kengele.

Rangi chache sana huvumilia moto huo. Buluu ya madini ya kobalti ndiyo maarufu, na Wachina wa Jingdezhen, mji wa kauri, waliijua mapema: unachora kwa kobalti juu ya udongo, unafunika kwa gilezi, unachoma. Buluu inabaki imefungiwa chini ya kioo. Ili itoke kwa kuoshwa, ni lazima kwanza ukioshe kioo chenyewe kiishe. Royal Copenhagen, kiwanda cha Denmark kilichoanza 1775, kimejenga jina lake juu ya ufundi huo huo wa buluu ya chini ya gilezi.

Dhahabu haiwezi kufanyiwa hivyo. Huyeyuka kwa nyuzi 1,064, kwa hiyo ukiipeleka kwenye moto wa kauri umeipoteza. Inabidi ije mwisho, baada ya gilezi kwisha kuiva. Fundi huipaka kwa brashi juu ya kioo, kisha chombo huingia tanurini mara ya tatu kwa moto mdogo, nyuzi 700 na kitu hadi 800 na kitu. Dhahabu ile ya maji, inayotoka tanurini tayari inameta, huwa nyembamba mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Ipo dhahabu nzito zaidi, ambayo hutoka imefifia ikang'arishwa kwa mkono, na hiyo hustahimili zaidi kidogo. Zote mbili, lakini, zimekaa juu ya kioo na hazina cha kuzifunika.

Kwa hiyo sahani ya bibi na sahani ya mbunifu hazikuwa zikishindana mchezo mmoja. Zile za zidakani, nyingi zilikuwa na buluu yake chini ya gilezi. Anayetaka ushahidi zaidi ya ukuta wa nyumba hiyo aende Gede, nje kidogo ya Malindi, atazame vipande vya kauri ya Kichina vilivyochimbuliwa kwenye magofu tangu siku za mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimba pale mwishoni mwa miaka ya 1940. Vimelala ardhini karne nyingi, na buluu bado ni buluu. Au afike Mambrui, kwenye kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za Kichina za enzi ya Ming zilizopachikwa ukutani, zikinyeshewa na kupigwa na upepo wa chumvi. Hakuna seti ya mistari ya dhahabu ambayo ningeithubutia kuiweka hapo hata mwaka mmoja.

Kidogo nitoke nje ya mada. Habari ya "kila mtu ameziosha" ina chumvi yake. Sahani za zidakani hazikuwa za kila siku. Zilishushwa Idi na harusi, na ile nyeupe moja ya kombe, ya kuandikiwa aya kwa zafarani zioshwe mgonjwa anywe, haikupakuliwa chakula kamwe. Tena si zote za China. Nyingi zilizoingia pwani yetu karne ya 19 zilitoka viwanda vya Ulaya, Uholanzi vikiwemo, na kwa udongo wake si kauri kamili. Nilimwambia hivyo mwenye nyumba. Hakufurahi, na sikuona haja ya kuendelea.

Turudi kwenye seti. Tuliitoa yote uani, tukaipanga juu ya mkeka asubuhi, jua likiwa bado la ubavuni. Chombo chenye pambo la dhahabu usikitazame chini ya taa ya dari. Kiinamishe mwanga ukipige kwa mshazari, utaona kila mkwaruzo na kila pahali dhahabu ilipopungua. Pitisha ukucha pia: kwenye pambo lililo juu ya gilezi utaukuta ukingo unaokwaza kidogo, na penye buluu ya bibi ukucha huteleza tu.

Nilichokiona si dhara moja, ni madhara manne yaliyochanganywa yakapewa jina moja.

La kwanza ni mstari wa ukingoni. Kwenye sahani za chakula ulikuwa umefifia sawasawa, mzunguko mzima, rangi ya dhahabu ikigeuka kama ya majani makavu, na pahali pengine kioo chini yake kimekuwa butu. Anayesugua kwa waya hafifishi sawasawa. Mkono hukamata sahani upande mmoja na kusugua upande wa pili, na huacha mikwaruzo ya kwenda na kurudi. Hapa haikuwapo.

La pili ni mstari wa ndani. Huu haukufifia, ulikatika. Kulikuwa na mikwaruzo ya upinde, yote ikifuata duara moja, kana kwamba mtu amechora kwa bikari. Geuza sahani yoyote ya kauri uitazame kitako. Ile pete inayokaa mezani haina gilezi, kwa kuwa ingekuwa nayo ingegandana na rafu ya tanuri. Ni kauri tupu, na ukiipitishia kidole ni msasa. Ukipanga sahani juu ya sahani, msasa huo unakaa juu ya mstari wa ndani wa sahani ya chini. Mbunifu wa seti hii alichora mstari wake hasa pale kitako cha mwenziwe kinapotua. Naambiwa wabunifu ni watu wenye macho. Huyu nadhani aliiona sahani ikiwa mezani peke yake, hakuiwazia kabatini.

La tatu ni mistari ya kijivu katikati ya sahani, ile ambayo mwenye nyumba aliiita mikwaruzo ya kisu. Haikuwa mikwaruzo. Gilezi ya kauri ni ngumu kuliko chuma cha visu vingi vya mezani, kwa hiyo kisu ndicho kinachomeguka na kuacha chuma chake juu ya sahani, kama penseli juu ya karatasi. Niliomba bikabonati, ile soda ya kuokea, nikaifanya uji mzito, nikasugua kwa kitambaa nikiwa mbali na dhahabu. Ikatoka. Mpishi alicheka mpaka akakaa chini, kwa sababu mistari hiyo nayo ilikuwa imehesabiwa katika makato.

La nne ni kikombe kimoja tu, dhahabu yake imepasukapasuka na kuwa na nyuzi nyeusi. Hicho kiliingia maikrowevu. Dhahabu ni madini, hupiga cheche humo. Mgeni mmoja alitaka kupasha moto chai yake usiku, na hakuna aliyekuwa macho wa kumzuia.

Sasa, nani amefanya nini? Hapa ndipo seti yenyewe ilipotoa ushahidi, kwa vipande viwili.

Kipande cha kwanza ni sahani moja ambayo mwenye nyumba aliitoa ndani ya kasha siku seti ilipofika na kuiweka zidakani kwa pambo. Haijaliwa, haijaoshwa, imepanguswa vumbi tu. Mstari wake wa ukingoni ulikuwa unawaka kama mpya. Wa ndani ulikuwa umekatwa na mipinde ile ile ya msasa. Maana yake mikwaruzo hiyo ilianza kabla seti haijafika jikoni. Mwenye nyumba alikumbuka kwamba sahani zilifungwa Malindi nne nne kwa gazeti moja. Kutoka hapo zikapanda lori, Garsen, Witu, hadi Mokowe, zikapanda boti, zikashuka, zikapanda punda. Barabara peke yake inatosha. Sahani nne zilizogusana zikitikiswa mwendo wote huo, kila kitako kinasaga mwenziwe. Bila shaka kabati la jikoni liliongeza yake, na kila mtu wa nyumba hiyo hulifungua kabati hilo, mwenye nyumba akiwa mmoja wao.

Kipande cha pili ni kombe la wali, lile pana la kupakulia, pamoja na bakuli kubwa la supu lenye mfuniko. Vilitumika kila walipokuwapo wageni, pilau na biriani vilipitia humo. Dhahabu yake ilikuwa nzima. Nikamuuliza binti anaviosha vipi.

"Kwa mkono. Haviingii mashinini, ni vikubwa."

"Na sahani?"

Akamtazama mwenye nyumba kwanza. "Mama ndiye alosema nitie mashinini. Alisema mkono utavunja."

Kimya kilichofuata sikukivunja mimi. Mkono ule ule, sponji ile ile, sabuni ya maji ile ile. Ulichokiosha mkono kimebaki na dhahabu, ilichokiosha mashine kimepoteza.

Mashine ya kuoshea vyombo haisugui kabisa, na ndiyo sababu watu huidhania mpole. Kazi yake huifanya kwa joto, kwa muda mrefu, na kwa unga wenye alkali kali. Alkali hiyo haina nguvu ya kuila dhahabu yenyewe. Huila kioo, na kioo laini zaidi ni kile kidogo kilichochanganywa kwenye pambo ili kulishikisha juu ya gilezi kwa moto mdogo. Kikilika, dhahabu haina cha kuikamata, inakwenda na maji. Ulaya wana kipimo rasmi cha kupima chombo kinastahimili mashine kiasi gani, EN 12875, na viwanda vingi huandika wazi kama chombo kinaingia mashinini au hakiingii. Chini ya kasha la seti hii kulikuwa na karatasi ya Kiitaliano inayosema vyombo vioshwe kwa mkono na visitiwe maikrowevu. Ilikuwa imekunjwa, haijafunguliwa.

Na maji ya Lamu yakaongeza. Mji unategemea visima vya machuguu ya mchanga ya Shela, na nyumba nyingi za mji wa kale zina kisima chake chenye maji ya chumvichumvi. Nyumba hii ilichanganya yote mawili kulingana na bomba lilivyoamka. Glasi zikatoka mashinini na utando mweupe. Mwenye nyumba akaona hazijatakata, akaagiza unga uongezwe. Unga ukaongezwa, utando ukabaki kwa kuwa ni chokaa ya maji wala si uchafu, na dhahabu ikalipa gharama. Dawa ya utando ule ilikuwa kurekebisha chumvi ya kulainishia maji ndani ya mashine, au kupangusa glasi kwa siki. Kila hatua aliyoichukua ilikuwa na nia ya kuvitunza vyombo.

Upande wa mshahara haukuhitaji mwanasheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea, pale uharibifu umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Na hata makato yakiwa halali, yakijumlishwa yote hayapiti theluthi mbili ya mshahara. Binti aliyefuata agizo la kutia sahani mashinini hana kosa la makusudi hata uligeuze vipi. Angekuwa amezitupa ukutani kwa hasira, tungezungumza mengine. Nilimsomea mwenye nyumba kifungu hicho pembeni, mpishi asisikie, maana mtu mzima hasahihishwi mbele ya watu anaowalisha.

Alinyamaza, kisha akaniuliza swali ambalo nadhani ndilo alilotaka kuliuliza tangu mwanzo: je, aliuziwa vibaya? Hapana. Kauri ile ni nzuri, nyeupe, nyepesi, inapitisha mwanga. Ila alinunua kitu kimoja akidhani amenunua kingine. Bei ya vyombo vya wabunifu hulipia mchoro, mkono wa fundi wa dhahabu, na jina. Gio Ponti, msanifu majengo wa Milano, alichorea kiwanda cha Richard-Ginori miaka ya 1920, na vyombo vyake leo vinakaa makumbusho. Rosenthal wa Ujerumani walianzisha Studio-Line mwaka 1961 ili wasanii na wasanifu wachore vyombo vya mezani. Hakuna aliyeahidi kwamba bei ikipanda na uvumilivu utapanda. Sahani nene nyeupe ya hoteli, ile isiyo na pambo ambayo wageni hawaitazami mara mbili, imetengenezwa kwa kugongwa, kurundikwa na kuingia mashinini kila siku, na huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Nyumba ya wageni inayolaza watu mwaka mzima inahitaji hiyo kwanza. Nimelisema hili kwa wateja wangu wengi, na wengi hununua dhahabu hivyo hivyo.

Basi afanye nini na seti? Kuipaka dhahabu upya kunataka tanuri la pambo na fundi wake, na sijui mtu wa kazi hiyo Lamu wala Malindi. Zile rangi za dhahabu za kichupa zinazouzwa madukani hazifai kwa chombo cha kulia. Kuagiza sahani za kujazia haikuwezekana, kiwanda kilishaacha kutoa mchoro huo. Mpishi alipendekeza dhahabu iliyobaki ifutwe yote zibaki nyeupe. Si wazo baya, lakini pale kioo kilipokuwa butu alama ingebaki, na mgeni angeona mzimu wa mstari badala ya mstari.

Tuliamua kuigawa. Sahani 5 zilizokuwa bado na sura, pamoja na kombe, bakuli la supu na vikombe vilivyo vizima, zikabaki kwa meza ya wageni maalumu. Huoshwa kwa mkono, maji ya vuguvugu, sponji laini, na beseni la plastiki ili zisigonge sinki. Baina ya sahani na sahani binti alikata vipande vya duara vya kikoi kuukuu, kila kitako kikalie kitambaa. Zilizofifia zikawa za jikoni, za wafanyakazi kulia, na mpishi sasa anakula chakula chake cha mchana kwenye kauri ya mbunifu wa Ulaya na hulitaja jambo hilo kwa kila anayeingia. Kwa wageni wa kila siku zikaletwa sahani za hoteli, nyeupe, zinazoingia mashinini. Hizo ndizo nilizomuuzia mimi, na msomaji ana haki ya kulijua hilo anapoupima ushauri wangu.

Makato yalirudishwa kwa mafungu mawili. Fungu la pili lilikuja na sharti kwamba binti asome karatasi ya kila chombo kipya kabla hakijatumika. Binti akajibu kwamba Kiitaliano hajui. Mwenye nyumba akasema naye pia hajui, na akampa namba ya mwongozaji wa watalii anayekijua.